Biti 24: historia ya namba iliyokwisha ndani ya mita zetu za stima



Leo sina habari ya simu mpya wala tovuti mpya. Nataka tuzungumze historia ya namba moja tu. Ilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993, ikafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024, siku ya Jumapili, ndani ya mita za stima za kulipia kabla kuanzia Cape Town hadi hapa kwetu Kizingo. Wengi waliiona kama usumbufu wa siku mbili tatu: ujumbe umeingia kwenye simu, tarakimu chungu nzima za kubonyeza, kisha maisha yakaendelea. Lakini nyuma ya usumbufu ule kuna miaka 31 ya uhandisi, na kuna somo ambalo mwanafunzi wa kompyuta anaweza kumaliza digrii yake bila kukutana nalo.

Kazi yangu mimi ni kuandika programu za ofisini, hizi za ankara na mishahara. Ila mwaka 2024 nilikuwa nikimsaidia mwanafunzi mmoja wa mtaani, binti ya jirani, mwaka wa tatu chuoni, kupitia mazoezi ya maabara ya kompyuta zinazofichwa ndani ya vifaa: kuanzia kuwasha taa ndogo mpaka kuandika draiva ya Linux. Chuoni walikuwa wengi na vifaa vichache, kwa hiyo Jumamosi alikuja na kaka yake tukakaa barazani na nyaya zetu. Kila hatua aliyopiga, ile namba ya mita ilikuwa na la kutuambia. Ndiyo maana leo nasimulia mambo mawili kwa pamoja.

Kompyuta isiyojiita kompyuta

Kwa wasiopajua, Kizingo ni upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa: mnara wa taa, barabara ya Mama Ngina na mibuyu yake, na mlango wa bahari ambao meli hupita zikielekea bandari ya Kilindini. Nyumba za zamani zenye bustani bado zipo, lakini magorofa yanazidi kuota katikati yake. Ingia gorofa lolote, tazama karibu na ngazi, utaona mita zimepangwa ukutani kama masanduku ya posta. Kila moja ni kompyuta. Ina chipu inayopiga hesabu, ina kumbukumbu, ina kioo kidogo cha namba na swichi ya kukata na kurudisha stima. Haina intaneti na hakuna anayeiita kompyuta, lakini ikikosea hesabu unalala gizani.

Historia ya vitu hivi si ndefu. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 4004, na mwaka 1980 ikatoa 8051, ambayo ndani yake mlikuwa na ubongo, kumbukumbu na milango ya kuingiza na kutoa ishara, vyote katika kipande kimoja. Tangu hapo kompyuta ikaweza kuingia ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya gari, na ndani ya mita ya stima.

Mwanafunzi wa fani hii siku hizi huanza na Arduino, ubao mdogo uliozaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wa usanifu waweze kutumia chipu bila kuwa mainjinia. Ubao wa Arduino Uno, uliotoka mwaka 2010, una chipu ya ATmega328P. Nafasi ya programu ni kilobaiti 32, kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2, na kumbukumbu isiyofutika stima ikikatika, EEPROM, ni kilobaiti 1. Picha moja tu uliyopiga kwa simu yako haiingii humo.

Zoezi la kwanza ni lilelile dunia nzima: washa taa ya LED, izime, iwashe tena. Nilimwambia binti asitumie amri iliyotayarishwa na wengine, bali aandike moja kwa moja kwenye rejista ya chipu. Rejista ile ina biti nane. Biti ya tano ya mlango B ndiyo inayowasha taa iliyo juu ya ubao. Saba zilizobaki zina kazi zake. Ukiigusa isiyo yako, umeharibu kazi ya mwenzio. Hapo ndipo mtu huelewa kwamba biti ni nafasi moja, na kwamba nafasi zinahesabika. Shika hilo, maana tunaenda Afrika Kusini.

Tokeni ya tarakimu 20

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la umeme la Eskom lilikuwa likipeleka stima kwa nyumba nyingi sana ambazo hazikuwahi kuwa nayo. Nyingi hazikuwa na anwani ya kupelekea ankara, na wenyewe hawakuwa na akaunti ya benki. Kulipia kabla ndiko kulikowezekana. Tatizo ni kwamba mita ya kampuni moja haikuelewa tokeni iliyouzwa na mashine ya kampuni nyingine. Basi ukatengenezwa utaratibu mmoja kwa wote, ukaitwa STS, ukaanza kutumika mwaka 1993. Mwaka 1997 ikaundwa jumuiya ya kuusimamia, na mwaka 2007 ukawa kiwango cha kimataifa kwa namba IEC 62055-41. Huku kwetu ukaja kwa majina mengi: Tanzania bara LUKU, Zanzibar Tukuza, Uganda Yaka. Kenya ilianza majaribio mwaka 2009, na kwa kuwa M-Pesa ilikuwepo tangu 2007, haikuchukua muda mtu akawa ananunua stima akiwa kitandani.

Sasa fikiria kazi waliyokuwa nayo wale mainjinia. Mita haijaunganishwa na kitu chochote isipokuwa waya wa stima. Haiwezi kupiga simu ofisini kuuliza kama umelipa. Inachopata ni namba tu, inayobonyezwa kwa kidole cha binadamu anayechoka, asiyeona vizuri, au aliyeshika mshumaa kwa mkono wa pili. Namba hiyo peke yake lazima iseme: hii ni halali, ni ya mita hii na si ya jirani, ni ya yuniti kadhaa, na haijawahi kutumika.

Jibu lao lilikuwa biti 66. Ukiziandika kwa tarakimu za kawaida zinaingia katika tarakimu 20, zile unazozijua. Tokeni ya kununua stima imegawanywa hivi:

- biti 2 zinasema ni tokeni ya aina gani;
- biti 4 zinasema ni ya stima, maji au gesi;
- biti 4 ni za bahati nasibu;
- biti 24 ni muda tokeni ilipotolewa;
- biti 16 ni kiasi ulichonunua;
- biti 16 ni za kukagua kama kuna tarakimu iliyokosewa.

Jumlisha: 66. Ukitoa zile 2 za mwanzo, zilizobaki ni 64, na hizo ndizo zinazofungwa kwa ufunguo wa siri. Kila mita ina ufunguo wake, unaotokana na namba ya mita yenyewe pamoja na mambo mengine ya mwenye kuuza stima. Ndiyo maana tokeni ya jirani kwenye mita yako ni takataka tupu.

Angalia zile biti 24 za muda. Zinahesabu dakika tangu saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1993. Mita huweka orodha ya namba za muda za tokeni ilizokwisha kupokea. Ukiingiza tokeni ileile mara ya pili, mita inaiona kwenye orodha na kuikataa. Ukileta ya kale kuliko zote zilizo kwenye orodha, inakataa pia. Kwa hila hii mita inazuia wizi bila kuwa na intaneti na bila kumuuliza mtu. Ni kazi safi, na mimi hadi leo naistahi.

Lakini biti 24 zina uwezo wa kuhesabu mpaka 16,777,216, basi. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja utapata siku 11,650 na kitu. Ni karibu miaka 32. Ukianza 1 Januari 1993, unaishia 24 Novemba 2024.

Je, walikosea? Binti aliniuliza hivyo. Nikamwambia apige hesabu mwenyewe: ongeza biti 8 tu kwenye muda, uone. Biti 74 zinahitaji tarakimu 23. Yaani kila mteja, kila akinunua stima, kwa miaka yote ile, abonyeze tarakimu tatu zaidi, na kila tarakimu ni nafasi moja zaidi ya kukosea. Tena zile biti 64 zilikuwa kipimo kilekile cha usimbaji wa DES, uliokuwa wa kawaida zama hizo. Walichagua wepesi wa kila siku, wakaacha deni la siku moja ya mbali. Deni lilijulikana tangu mwanzo. Swali lilikuwa nani atakayekuwepo siku ya kulipa.

Maabara ya saa mbili

Zoezi la pili la mwanafunzi ni saa. Chipu ina kaunta, yaani namba inayojiongeza yenyewe, na programu inaisoma ili kujua muda umepita kiasi gani. Kwenye Arduino kaunta ya milisekunde ina biti 32. Inafika 4,294,967,295 kisha inarudi sifuri. Ni siku 49 na saa 17 hivi.

Binti aliandika programu ya kuwasha taa kila nusu saa. Ikafanya kazi vizuri. Nikamuuliza: siku ya 50 itakuwaje? Akacheka. "Kaka, maabara yetu ni saa mbili. Nani atakaa siku 50?"

Jibu lake ni la kweli kabisa, na hapo ndipo penye tatizo. Kipindi cha maabara kinaisha, ubao unachomolewa, alama zinatolewa. Kaunta haijawahi kufika mwisho mbele ya macho ya mwanafunzi hata mara moja. Si wanafunzi peke yao. Mwaka 1999 iligundulika kwamba Windows 95 na 98 zinaweza kuganda zikiachwa zimewaka siku 49.7, kwa sababu hiyohiyo ya milisekunde katika biti 32. Ilichukua miaka kujulikana, maana Windows ya siku zile ilikuwa nadra kukaa wiki saba bila kuzimwa!

Wenye Linux walikuwa na dawa ninayoipenda sana. Ndani ya kerneli kuna kaunta inayoitwa jiffies. Badala ya kuianzisha kwenye sifuri, waliianzisha karibu kabisa na mwisho, ili irudi sifuri dakika tano tu baada ya kompyuta kuwaka. Walifanya hivyo makusudi. Draiva yenye kasoro ya kaunta haisubiri mwaka mzima kuonyesha ubaya wake. Inaumbuka mbele ya aliyeiandika, chai yake haijapoa.

Tukafanya vivyo hivyo kwenye ubao wetu. Binti aliongeza namba kubwa kwenye kaunta yake, ikawa imebaki dakika mbili ifike mwisho. Taa ikawaka ikabaki imewaka. Programu iliyopata alama zote chuoni ikawa imekufa mbele yetu. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: usilinganishe saa ya sasa na saa ya mwisho uliyoipangia, toa saa uliyoanzia katika saa ya sasa uone tofauti. Kwa namba zisizo na hasi, tofauti hubaki sahihi hata kaunta ikiwa imerudi sifuri. Mstari mmoja, lakini hauujui mpaka umeona kaunta ikigeuka.

Zoezi la tatu ni kumbukumbu isiyofutika. EEPROM ya chipu ile imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000 kila sehemu. Ni nyingi, sivyo? Andika sehemu ileile kila sekunde moja uone: dhamana inaisha baada ya saa 28 hivi. Mita yako inatakiwa kukumbuka yuniti zako zilizobaki kila stima inapokatika, na sisi wa Mombasa tunajua stima hukatika, kwa miaka kumi, ishirini, bila kuichosha kumbukumbu yake. Kwa hiyo mwandishi wa programu hiyo lazima agawanye maandishi, leo hapa kesho pale. Kwa mara nyingine tena ni swali lilelile: kitu hiki kitaisha lini?

/dev/mita

Zoezi la nne ndilo lililomtisha: draiva ya Linux. Nikamwambia asiogope, wazo lenyewe ni la zamani na ni rahisi. Mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza Unix, na katika Unix kifaa huonekana kama faili. Printa ni faili, diski ni faili, kibodi ni faili. Unafungua, unasoma, unaandika, unafunga. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 aliufuata mwendo huo. Draiva ni kipande cha programu kinachosimama katikati: upande mmoja kinasikia "soma" na "andika", upande wa pili kinazungumza na chuma chenyewe.

Ugumu wake ni mwingine. Programu ya kawaida ikikosea, inakufa yenyewe. Draiva ikikosea, iko ndani ya kerneli, inaweza kuangusha nyumba nzima. Kwa hiyo tulitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012, ambayo ikianguka unachomoa waya na kuanza upya bila kupoteza kazi ya mtu.

Binti akaamua draiva yake iwe mita ya kuigiza. Unaandika tarakimu 20 kwenye faili ya /dev/mita. Draiva inafungua kifungo cha siri, inakagua, inaangalia orodha ya muda, kisha taa ya kijani au nyekundu inawaka kwenye Arduino. Usimbaji wake ulikuwa wa darasani tu, si ule wa mita halisi, lakini mgawanyo wa biti ulikuwa uleule. Alichukua wiki nne. Wiki ya kwanza hata kuingiza draiva ndani ya kerneli kulimshinda. Wiki ya pili iliingia lakini ikawa inasoma kumbukumbu isiyo yake na kuangusha mashine. Ya tatu akajifunza kusoma kumbukumbu za kerneli kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Ya nne taa ya kijani ikawaka.

Hapo nikampa mtihani wa mwisho: sogeza saa mpaka 24 Novemba 2024. Tokeni ya dakika ya mwisho ikapita. Tokeni ya dakika iliyofuata ikawa na muda sifuri, yaani kwa macho ya mita imetolewa mwaka 1993. Nyekundu. Kila tokeni mpya baada ya hapo, nyekundu.

Akafikiri kidogo, akasema rahisi tu: tufute orodha, tuanze upya. Akafuta. Tokeni mpya zikapita. Akafurahi. Nikamwambia achukue tokeni yoyote ya zamani aliyokwisha kuitumia, aiingize tena. Kijani. Stima ya bure! Kwa kufuta orodha alikuwa ameisahaulisha mita kila wizi uliowahi kuzuiwa.

Sasa ndipo alipoelewa kwa nini njia halisi ilikuwa ndefu vile. Mita ilibidi ipewe ufunguo mpya wa siri kwanza, ili tokeni zote za zamani zigeuke takataka, kisha orodha ifutwe, kisha hesabu ya dakika ianzie tarehe mpya: 1 Januari 2014. Na ufunguo mpya una biti 64, nazo haziingii katika tokeni moja pamoja na maelezo mengine. Kwa hiyo ufunguo hukatwa vipande viwili vya biti 32, kila kipande na tokeni yake. Ndizo zile tokeni mbili za kwanza mlizozibonyeza bila kuona yuniti zikiongezeka. Ya tatu ndiyo ya stima. Tarakimu 60 kwa jumla.

Vidole vya watu

Kumbuka mita haina intaneti. Simu yako ikihitaji marekebisho inajirekebisha usiku ukiwa umelala. Mita haiwezi. Kwa hiyo mwaka 2024 marekebisho ya mita hizi, Kenya na kwingineko, yalifanywa kwa vidole vya wateja wenyewe, nyumba kwa nyumba. Mimi siwezi kufikiria marekebisho mengine ya programu yaliyopita kwenye mikono ya watu wa kawaida wengi kiasi kile, na karibu wote hawakujua kama wanarekebisha programu.

Hapa kwetu tuliona uzito wake. Binti na mimi tulipanda ngazi za magorofa mawili ya jirani tukisaidia wazee. Kuna bibi wa ghorofa ya tatu anayeweka dawa yake ya sukari kwenye friji. Kwake stima si anasa hata kidogo. Alinitazama nikibonyeza, akauliza, "Mjukuu wangu, kilichozeeka ni hii mita au ni mimi?" Binti akamjibu, "Si wewe wala si mita, bibi. Ni tarehe tu, imekwisha nafasi." Bibi akasema mwenye kuitengeneza angeachia nafasi kubwa. Hatukumwambia habari za tarakimu 23, lakini alichosema kina haki yake.

Na kuna nyumba ambazo hatukuweza kuzisaidia. Kizingo ina nyumba zinazofungwa miezi mingi, wenyewe wako Muscat au Dubai, ufunguo wako nao. Mita yao ndani imekaa kimya, bado inaishi katika hesabu ya 1993. Siku watakaporudi na kununua stima ya kawaida, watafanana na mtu aliyeamka baada ya miaka thelathini na kwenda sokoni na pesa za zamani.

Deni linalofuata

Msifikiri mita ziko peke yake. Meli zinazopita mbele ya mnara wa taa hutumia GPS, na GPS ilikuwa ikihesabu wiki kwa biti 10, yaani wiki 1,024 kisha sifuri. Ilianza Januari 1980, ikageuka Agosti 1999, ikageuka tena Aprili 2019. Unix yenye saa ya biti 32 itaishiwa tarehe 19 Januari 2038. Kompyuta kubwa nyingi zimekwisha kuhamia biti 64. Wasiwasi ni hizi ndogo zilizofichwa kutani na ndani ya mashine, ambazo hakuna anayekumbuka zina programu.

Na mita zetu? Binti alipiga hesabu bila kuambiwa. Kuanzia 1 Januari 2014, dakika 16,777,216 zinaishia tarehe 24 Novemba 2045. Siku ileile, mwezi uleule, miaka 21 baadaye. Utaratibu wenyewe umeshaandaa tarehe nyingine ya kuanzia, mwaka 2035, kwa hiyo njia ipo. Lakini mtu wa kuipita lazima awepo. Mwaka 2045 yeye atakuwa na umri wa miaka 42, pengine ndiye injinia mkuu mahali fulani.

Kwa maoni yangu hili ndilo linalokosekana katika maabara zetu. Tunawafundisha vijana kuwasha kitu. Tunawapa alama kikiwaka. Hatuwaulizi kitazimika lini, kwa sababu gani, na nani atakuwa na ufunguo. Haigharimu kitu kuongeza swali hilo. Hauhitajiki ubao mpya wala maabara mpya. Inatosha kuanzisha kaunta karibu na mwisho wake badala ya sifuri, kama walivyofanya wenye Linux, na kumwacha mwanafunzi aione ikigeuka. Dakika tano.

Draiva ya binti nimeiona juzi. Juu kabisa, kabla ya msimbo wowote, ameandika mistari mitatu: namba gani humu ndani zina mwisho, kila moja inaisha tarehe gani, na nini kifanyike kabla ya hapo. Mwalimu wake hakuiombea alama. Mimi katika programu za ankara nilizokabidhiwa na watu wengine, miaka yote hii, sijakuta mistari kama hiyo hata mara moja. Siku hizi naiandika katika zangu.

Haya, nisiwachoshe. Ukipata nafasi leo jioni, nenda ukaitazame mita yako, ile taa yake nyekundu inayopepesa. Iheshimu kidogo. Na kama una mzee au jirani aliyesafiri tangu kabla ya Novemba 2024, mkumbushe kwamba akirudi kuna tarakimu 40 za kubonyeza kabla ya stima yenyewe. Wakati mwingine nitaeleza jinsi ya kuanza na draiva ndogo kabisa kwenye Raspberry Pi, kwa wale wanaotaka kujaribu nyumbani. Mpaka hapo, kwaherini.